Msongo mdogo na nyuropeptidi za ubongo: zinapanda au zinashuka? Karibuni tuchambue

#1 Mzee wa Sinapsi (mtoa mada)

Wakuu, salaam.

Kuna kauli inazunguka sana kwenye makundi ya afya: eti msongo kidogo unapandisha nyuropeptidi za ubongo, msongo mwingi unazishusha. Imekaa vizuri mdomoni, ndiyo maana inasambaa. Wengine wameshaifanyia biashara, wanauza vipimo vya damu vya kukwambia ubongo wako una oksitosini kiasi gani. Mimi nimesomea fiziolojia ya mfumo wa fahamu na kauli hii inanikera, maana swali lenyewe la "inapanda au inashuka" ni nusu swali. Inapanda sehemu gani ya ubongo, na dakika ya ngapi baada ya msongo? Halafu kilichopimwa ni mzigo uliotengenezwa, uliohifadhiwa au uliokwisha kumwagwa?

Kwa wasio wa fani niweke msingi. Nyuropeptidi ni minyororo mifupi ya asidi amino ambayo seli za neva huitumia kupashana habari. Oksitosini na vasopresini zina asidi amino 9 kila moja, na zinatofautiana kwa mbili tu. Dutu P ina 11. Nyuropeptidi Y (tuiite NPY), ambayo Tatemoto na Mutt waliitoa kwenye ubongo wa nguruwe huko Stockholm mwaka 1982, ina 36. CRH, homoni ya ubongo inayoanzisha mwitikio wa msongo na ndiyo mwenye mji kwenye habari hizi, ina 41. Hiyo ilitambuliwa mwaka 1981 na kundi la Wylie Vale kwenye Taasisi ya Salk, Marekani, baada ya kusaga haipothalamasi (sehemu ndogo iliyo chini ya ubongo) za kondoo kwa mamia ya maelfu. Ndiyo, mamia ya maelfu. Kinachopatikana ndani ya kila kichwa ni kidogo mno.

Sasa shikeni hapa, maana mjadala wote umelala hapa. Dopamini au glutamati hutengenezwa palepale kwenye ncha ya neva, inamwagwa, inafyonzwa, inatumika tena. Nyuropeptidi haina mteremko huo. Jeni inasomwa kule kwenye kiwiliwili cha seli, unaundwa mnyororo mrefu, unapakiwa kwenye vifuko vikubwa ambavyo kwa hadubini ya elektroni vinaonekana na kiini cheusi katikati. Vimeng'enya vinaukatakata mnyororo humohumo ndani huku kifuko kinasafiri kuteremka mkia wa seli. Kikifika mwisho kinatulia. Mpigo mmoja wa umeme haukifungui, inabidi seli ipige mfululizo tena kwa kasi ndipo kimwage. Kikishamwaga hakuna kufyonza tena, vimeng'enya vya nje vinamaliza kazi, na kujaza upya kunachukua saa nyingi.

Kwa hiyo mtu akikata kipande cha ubongo, akakisaga na kupima peptidi iliyomo, amehesabu magunia ghalani. Magunia yakipungua, huenda yameuzwa kwa wingi, huenda mavuno yalikuwa haba. Yakiongezeka, huenda mavuno ni mazuri, huenda hakuna mnunuzi. Hesabu ya magunia peke yake haikwambii.

Mfano halisi. Mwaka 1986 kundi la Nemeroff lilipima CRH kwenye sehemu mbalimbali za ubongo wa panya baada ya msongo. Pale chini ya haipothalamasi ambapo CRH humwagwa kuelekea tezi ya pituitari, kiwango kilishuka karibu nusu baada ya msongo wa mara moja. Kwenye lokasi seruleasi, kile kidoa cha samawati kwenye shina la ubongo, kiwango kikawa takriban maradufu. Mnyama ni yuleyule. Haya, mwenye kauli ya "inapanda" na mwenye ya "inashuka", nani kashinda?

Ule haukuwa msongo mdogo, najua. Nimeutumia kwa sababu unaonyesha tatizo waziwazi. Wajuvi wa maabara karibuni mshushe nondo.

---

#2 Kipenga

Nimepata siti ya mbele. Endeleeni.

---

#3 Mtafuta Hoja

Mkuu, mada tamu ila umeturuka mahali. "Msongo mdogo" ni upi? Kwangu mdogo, kwa mwenzangu mkubwa. Na panya je, nani anamuuliza kama huu ni mdogo?

---

#4 Dada Maabara

Mtafuta Hoja umegusa penyewe. Nafanya kazi na panya wa maabara kwa hiyo nijibu upande huo.

Kwa desturi ya fani, msongo mdogo ni vitu kama kumshika mnyama, kumhamishia kwenye kizimba kigeni, kumdunga sindano ya maji ya chumvi, kumwashia taa kali, kumtenga na wenzake kwa muda. Kumbana ndani ya bomba ni wa kati, na ukirefusha muda unakuwa mkali. Kuogelea kwa lazima na shoti ya umeme ni mkali. Hayo ni makadirio ya binadamu, panya hajaulizwa. Tunachoangalia ni kortikosteroni, homoni ya msongo ambayo kwao inashika nafasi ya kortisoli yetu: imepanda kiasi gani, na imerudi chini baada ya muda gani.

Sasa niwaambie jambo ambalo wasomaji wengi wa makala za kisayansi hawalioni. Kuna kundi linaloitwa "lisilo na msongo", lile la kulinganishia. Mara nyingi kundi hilo nalo lina msongo mdogo! Fuatisheni: unaingia chumbani, mlango unagonga. Unavuta kizimba kwenye rafu, vyuma vinasuguana, tena kwa sauti za juu ambazo sikio lako halizisikii ila la panya linazisikia. Unafungua kifuniko, hewa ya chumba inaingia, na harufu yako nayo. Unamkamata. Kuanzia ulipomshtua una kama dakika 3 kabla kortikosteroni haijaanza kupanda kwenye damu. Ukichelewa, namba yako ya "kawaida" si ya kawaida tena. Na jirani yake kwenye kizimba kilekile, aliyebaki anakuangalia ukimbeba mwenzake, yeye saa yake ilishaanza zamani.

Mwaka 2010 Hurst na West walionyesha kwamba panya wadogo (aina ndogo ya panya, si watoto) wanaobebwa kwa mkia wanakuwa na wasiwasi zaidi kuliko wanaobebwa ndani ya kibomba au kwa viganja viwili. Kushikwa mkia tu! Na mwaka 2014 kundi la Mogil, Chuo Kikuu cha McGill, likatoa habari iliyotikisa maabara nyingi: harufu ya mtafiti mwanamume, hata fulana aliyoivaa tu, inawapa panya msongo kiasi cha kupunguza dalili zao za maumivu. Mtafiti mwanamke haleti athari hiyo. Sasa jiulizeni ni majaribio mangapi ya peptidi yalifanywa bila mtu kuandika nani alimshika mnyama.

Halafu kuna saa ya siku. Panya ni wa usiku, kortikosteroni yake iko juu giza linapoanza kuingia. Ukipima kundi moja asubuhi na jingine jioni, umepima saa.

---

#5 Kipenga

Hiyo ya fulana imeniacha hoi. Kumbe sisi wanaume ni msongo unaotembea.

---

#6 Dada Maabara

Kwa panya, kaka. Kwa binadamu sina la kusema hadharani.

Niongeze moja ambalo nimelisahau. Mnyama akishakufa vimeng'enya haviachi kazi, vinaendelea kukata peptidi. Ndiyo maana wapo wanaotumia mashine ya mikrowevu iliyoundwa mahususi, inapasha ubongo ndani ya sekunde chache ili vimeng'enya vigande palepale. Usipofanya hivyo, ukachelewa kugandisha, unachopima ni masalia.

---

#7 Mkosoaji

Mtoa mada, hayo yote ni panya. Turudi kwenye vipimo vya damu ulivyovitaja. Mimi nimepima oksitosini, nikaambiwa iko chini kwa sababu ya stresi. Nimetapeliwa?

---

#8 Mzee wa Sinapsi

Mkosoaji, aliyekupima huenda ana nia njema, ila kakwambia zaidi ya kile ambacho kipimo kinaweza kusema.

Oksitosini inayoingia kwenye damu inamwagwa na tezi ya pituitari, sehemu ya nyuma. Ile inayofanya kazi ndani ya ubongo inamwagwa na matawi ya seli yanayokwenda amigdala (sehemu ya ubongo inayohusika na hofu) na kwingineko, na nyingine inamwagwa hata na kiwiliwili cha seli chenyewe, papo hapo ndani ya haipothalamasi. Milango hiyo miwili inaweza kufunguka pamoja, inaweza kufunguka kila mmoja kivyake. Katikati kuna kizuizi cha damu na ubongo ambacho peptidi hazipiti kirahisi. Ndani ya damu yenyewe oksitosini inadumu dakika chache tu.

Mwaka 2017 ulitoka uchambuzi uliokusanya tafiti zilizopima oksitosini kwenye damu na kwenye maji ya ubongo na uti wa mgongo kwa pamoja. Mtu akiwa ametulia, hakukuwa na uhusiano wa maana kati ya namba hizo mbili. Uhusiano ulijitokeza baada ya msongo au baada ya kupewa oksitosini kwa puani. Yaani ukipimwa asubuhi umekaa kwenye kiti unasubiri jina lako liitwe, damu haisemi lolote la kuaminika juu ya ubongo.

Na hata hiyo namba ya damu ina ugomvi wake. Vipo vipimo vinavyosafisha sampuli kwanza ili kuondoa protini nyingine, na vipo vinavyopima bila kusafisha. Hivi vya pili vinaweza kutoa namba kubwa mara kumi, hata mara mia, kuliko vya kwanza kwa damu ileile. Waulize walikusafishia sampuli au la. Wakishindwa kujibu, jibu umeshalipata.

---

#9 Mkosoaji

Nimeuliza. Nimejibiwa "mashine ni ya kisasa".

---

#10 Kipenga

🤣🤣 Pole mkuu.

---

#11 Nondo Nzito

Uzi wa maana. Naongeza kipande cha CRH kinavyobadilika msongo ukijirudia, maana msongo mdogo wa maisha hauji mara moja na kuondoka.

Njia yenyewe wengi mnaijua. Kiini cha paraventrikula kwenye haipothalamasi kinamwaga CRH, pituitari inajibu kwa homoni ya ACTH (asidi amino 39), ACTH inakwenda kwenye tezi za adrenali juu ya figo, kortisoli inatoka. Kwa binadamu kortisoli inafika kileleni kama dakika 20 hadi 30 baada ya msongo kuanza. Kortisoli hiyohiyo inarudi juu kwenye ubongo kusema "basi, inatosha", na jeni ya CRH pale kwenye haipothalamasi inapunguzwa kasi.

Mpe mnyama msongo uleule mdogo kila siku. Siku za mwanzo anapandisha, baadaye anazoea, kortikosteroni haipandi sana. Mtu wa haraka atasema "ubongo umerudi kawaida". Haujarudi! Ndani ya seli zilezile za CRH kuna mabadiliko: zinaanza kubeba vasopresini kwa wingi zaidi. Vasopresini ikimwagwa pamoja na CRH inaiongezea nguvu pale pituitari. Sasa mshtue mnyama yuleyule kwa kitu kigeni, kitu ambacho hajakizoea: anapanda kama asiyewahi kuzoea chochote, mara nyingine kuliko mwenzake ambaye hakuwahi kusumbuliwa. Kuzoea kulikuwa kwa msongo ule mmoja tu, na mashine nzima ilikuwa imeshafungwa upya kimyakimya.

La pili ambalo vitabu vya shule havisemi: ule ujumbe wa "inatosha" haufanyi kazi namna moja kila mahali. Kwenye haipothalamasi, homoni za adrenali zinapunguza CRH. Kwenye kiini cha kati cha amigdala, homoni zilezile zinaiongeza. Kwa hiyo kile kinachozima king'ora cha mwili kinaweza kuwasha cha hofu. Mkisikia mtu anasema "CRH ya ubongo", mwulizeni ya chumba kipi.

---

#12 Mzee wa Sinapsi

Nondo Nzito umemaliza kazi. Hiyo ya amigdala ndiyo sababu kubwa ya mimi kutoamini namba moja inayodai kuwakilisha ubongo mzima.

---

#13 Msomaji Kimya

Huwa nasoma tu ila leo nauliza. Mbona kuna msongo unaoupenda? Nikiwa na kazi ngumu kidogo, muda unakimbia, akili inachangamka. Kama CRH ni ya hofu, ule utamu unatoka wapi?

---

#14 Mzee wa Sinapsi

Swali lako lina jaribio lake, tena ni miongoni mwa majaribio ninayoyapenda kuliko yote. Lilitoka mwaka 2012 kwenye jarida la Nature, Lemos na wenzake.

Walichukua panya wadogo ambao hawajapata misukosuko, wakaweka CRH moja kwa moja kwenye kiini akumbensi, sehemu inayohusika na hamu na motisha. Dopamini ikaongezeka. Halafu wakampa mnyama chumba cha kupokelea CRH na chumba kingine cha kawaida, kisha wakamwacha achague. Akachagua kukaa kile cha CRH! Peptidi ambayo vitabu vinaiita ya msongo, mnyama anaifuata kwa miguu yake mwenyewe.

Kisha wakachukua kundi jingine, wakaliogelesha kwa lazima siku 2. Baada ya hapo CRH ileile, sehemu ileile, haikuongeza dopamini tena. Na mnyama akawa anakikimbia kile chumba. Walipochunguza baada ya siku 90, uwezo wa CRH kuongeza dopamini ulikuwa bado haujarudi. Kwa panya mdogo, ambaye anaishi kama miaka 2, siku 90 ni kipande kikubwa cha umri.

Tazama vizuri kilichobadilika. Kiasi cha CRH kilichowekwa ni kilekile, kwa hiyo suala halikuwa kiwango. Kilichogeuka ni maana ya CRH kwa seli zinazoipokea. Hapo ndipo kauli ya "kidogo inapandisha, nyingi inashusha" inapokosa pa kusimama. Unaweza kuwa na namba moja na matokeo mawili yanayopingana.

Kwa hiyo Msomaji Kimya, ukichangamkia kazi ngumu, inawezekana kabisa CRH inahusika. Sisemi imethibitishwa kwako, hakuna aliyekuchoma sindano ya akumbensi, na usikubali mtu akuchome.

---

#15 Mtafuta Hoja

Sawa, CRH ni kichocheo. Breki je? Maana ubongo usingejengwa na mafuta tu bila breki.

---

#16 Nondo Nzito

Breki zipo, zinazotajwa sana ni NPY, oksitosini na jamaa wa opioidi (peptidi za mwili zinazofanya kazi kama mofini).

NPY kwenye amigdala inavuta kinyume na CRH karibu hatua kwa hatua: ukiweka CRH mnyama anaogopa, ukiweka NPY anatulia. Kwa binadamu inatajwa sana kazi ya Morgan na wenzake ya mwaka 2000, askari wa Marekani kwenye mafunzo ya kunusurika yenye mahojiano makali. Askari wa vikosi maalumu walikuwa na NPY nyingi zaidi baada ya mahojiano kuliko wenzao wa kawaida. Tahadhari mbili: ule haukuwa msongo mdogo hata chembe, na NPY iliyopimwa ni ya damu, ambayo kwa sehemu kubwa inatoka kwenye neva za simpathetiki na siyo kwenye ubongo. Watu huwa wanaacha kusema hilo la pili.

Opioidi za mwili: enkefalini zilitambuliwa mwaka 1975 na Hughes na Kosterlitz huko Aberdeen, zina asidi amino 5 tu. Endofini ya beta ina 31, na inakatwa kutoka kwenye mnyororo mama uleule unaotoa ACTH. Fikirieni hilo: kipande kimoja kinakwenda kuamsha adrenali, kingine ndugu yake kinapunguza maumivu. Ndiyo maana mtu anaweza kuumia katikati ya purukushani asihisi mpaka baadaye. Naloksoni, dawa inayoziba vipokezi vya opioidi, inaondoa sehemu ya athari hiyo. Sehemu tu. Kuna aina ya msongo ambayo inazuia maumivu na naloksoni haifui dafu, na mwaka 1980 Lewis, Cannon na Liebeskind walionyesha kwamba unaweza kuhama kutoka aina moja kwenda nyingine kwa kubadilisha tu jinsi unavyoitoa shoti ileile na muda wake.

Ila si kila opioidi ni rafiki. Dainofini ni ya ukoo huohuo, lakini inakaa kwenye kipokezi cha kapa, na kazi yake ni kuleta kero na kukata raha. Anayekwambia "msongo unatoa opioidi kwa hiyo unatoa furaha" kaishia mlangoni.

---

#17 Dada Maabara

Naomba niguse ule "msongo mdogo wa kudumu" maana ndio unaotumika kila maabara na ndio unaoleta matokeo yanayogongana.

Willner na wenzake mwaka 1987 waliwapa panya vikero vidogovidogo kwa wiki kadhaa, vikibadilishwa bila ratiba ya kueleweka: kizimba kimeinamishwa, matandiko yamelowana, taa haizimwi usiku, mara maji hakuna, mara mwenzako mpya. Kila kimoja peke yake si kitu. Kwa pamoja, panya anapoteza hamu ya maji ya sukari ambayo kwa kawaida anayakimbilia. Walipompa dawa ya zamani ya sonona, hamu ikarudi.

Sehemu inayoumiza kichwa ni kwamba kila maabara ina orodha yake ya vikero, aina yake ya panya, idadi yake ya wiki. Wengine wanaongeza kumtenga mnyama peke yake, na kutengwa peke yake ni msongo unaojitegemea. Mwaka 2018 Zelikowsky na wenzake, kundi la David Anderson, waliwatenga panya wadogo kwa wiki 2. Peptidi inayoitwa nyurokinini B iliongezeka kwenye sehemu nyingi za ubongo na wanyama wakawa wakali na waoga. Kutengwa kwa saa 24 hakukuleta hali hiyo. Sasa mtu aliyeweka panya wake mmojammoja kwenye vizimba ili "kurahisisha kazi", halafu anapima peptidi baada ya kumbadilishia matandiko, anapima kipi hasa?

Mimi nikisoma makala ya peptidi na msongo, naanzia kwenye sehemu ya mbinu. Matokeo nayasoma mwishoni, na mara nyingine sifiki.

---

#18 Mkosoaji

Nawaelewa, lakini bado ni panya, panya, panya. Mtu kuna aliyemwangalia ubongo akiwa hai, kwenye msongo wa kawaida wa kibinadamu? Si vita, si shoti.

---

#19 Mzee wa Sinapsi

Yupo. David Hsu na wenzake, Chuo Kikuu cha Michigan, mwaka 2013.

Washiriki waliangalia wasifu na picha za watu wa mtandaoni, wakachagua wale ambao wangependa kuwafahamu kimapenzi. Wakiwa wamelala ndani ya mashine ya PET, inayopiga picha za ubongo ukiwa kazini, wakaambiwa: yule uliyempenda, yeye hajakupenda. Na walikuwa wameshaelezwa kabla kwamba hayo majibu si ya kweli, ni maigizo ya utafiti! Bado walihuzunika, na bado ubongo ulijibu.

Mashine inafanya hivi. Mtu anadungwa kiasi kidogo mno cha dawa yenye mionzi inayonata kwenye vipokezi vya opioidi vya aina ya myu. Ubongo ukimwaga opioidi zake, zinashika vipokezi hivyo na dawa inakosa pa kunata, kwa hiyo mng'ao unapungua. Mng'ao hafifu maana yake umwagaji ni mkubwa. Kukataliwa kwa maigizo kulipunguza mng'ao huo kwenye amigdala, talamasi na sehemu nyingine, na waliokuwa na tabia ya ustahimilivu kwenye madodoso walionyesha umwagaji mkubwa zaidi. Mwaka 2015 kundi hilo likarudia na watu wenye sonona: umwagaji ulikuwa mdogo zaidi kwenye sehemu zinazohusika na hisia.

Huo ndio msongo mdogo wa kibinadamu, na umepimwa kwenye umwagaji. Ubaya wake PET haikuonyeshi ni peptidi ipi. Inaweza kuwa endofini, inaweza kuwa enkefalini. Mashine inaona kiti kimekaliwa, haimjui aliyekalia.

Kwa msongo wa kijamii nje ya PET, wengi wanatumia jaribio la Trier, lililotoka Ujerumani mwaka 1993: dakika 5 za kuhutubia mbele ya majaji wenye nyuso kavu, halafu dakika 5 za kutoa 13 kutoka 1022 na kuendelea kushuka, ukikosea unaanza upya. Kortisoli inapanda kwa watu wengi. Mwaka 2003 Heinrichs na wenzake waliwapitisha wanaume 37 kwenye jaribio hilo. Waliopata oksitosini puani na pia wakawa na rafiki yao wa karibu wakati wa maandalizi ndio waliokuwa na kortisoli ya chini kabisa. Tafiti ndogo, nakubali, na ubishi wa ni oksitosini kiasi gani inatoka puani ikafika ubongoni bado ni mkali. Mimi nimeegemea upande wa wanaotilia shaka.

---

#20 Msomaji Kimya

1022 kutoa 13 mbele ya watu walionuna. Mimi ningelia kabla ya 1009.

---

#21 Mtafuta Hoja

Swali la mwisho kutoka kwangu. Kama CRH imejulikana tangu 1981, dawa ya kuizuia iko wapi? Miaka zaidi ya 40!

---

#22 Nondo Nzito

Zilitengenezwa nyingi, mkuu. Mantiki ilikuwa nzuri: mwaka 1984 Nemeroff na wenzake walikuta CRH iko juu kwenye maji ya uti wa mgongo ya watu wenye sonona. Kampuni zikatengeneza vidonge vya kuziba kipokezi cha CRH1, kwa panya vikafanya vizuri, kwa watu wenye sonona na wasiwasi vikashindwa kuishinda dawa bandia (kidonge kisicho na dawa, cha kulinganishia), jaribio baada ya jaribio. Dutu P ilipita njia hiyohiyo. Mwaka 1998 ilishangiliwa kwamba kuziba kipokezi chake kunatibu sonona, majaribio makubwa yakakataa, na aprepitanti ikaishia kuidhinishwa mwaka 2003 kwa kichefuchefu cha wagonjwa wa saratani, ambako inafanya kazi vizuri sana.

Vizibo vya CRH navyo vimepata pao. Desemba 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha krinesefonti kwa watu waliozaliwa na hitilafu ya tezi za adrenali. Hao hawatengenezi kortisoli ya kutosha, kwa hiyo ule ujumbe wa "inatosha" haurudi ubongoni, CRH na ACTH zinabaki juu, na adrenali zinamwaga homoni za kiume kupita kiasi. Ukiziba CRH pale pituitari, mambo yanatulia.

---

#23 Mzee wa Sinapsi

Hapo Nondo kaeleza tofauti bila kuitaja. Kwa mgonjwa wa adrenali unajua CRH iko juu, unajua iko juu wapi, na unajua kwa nini. Pituitari iko nje ya kizuizi cha damu na ubongo, kidonge kinaifikia bila shida. Kwa mtu mwenye sonona waliwachukua wote kwa pamoja, mwenye CRH ya juu na asiye nayo, bila njia ya kujua kipokezi cha amigdala ya nani ndicho chenye tatizo. Mimi naamini ndani ya yale majaribio walikuwemo watu waliosaidika, ila wakamezwa na wastani.

Mkosoaji, yale majibu ya damu yako usiyatupe, yaweke. Ila dawa ya kupandisha oksitosini waliyotaka kukuuzia usinunue.

---

#24 Mkosoaji

Ulijuaje walitaka kuniuzia? Nilikuwa sijasema.

---

#25 Mzee wa Sinapsi

Wanauzaga wote, mkuu.